Sura ya Tano: Atakula Nini Mtoto Anayesomea Sanaa?

"Mwalimu, huyu mtoto akienda kusomea kuchora, atakula nini?"

Swali hili nimelisikia hapa Pumwani, Nairobi, na mitaa jirani: nimelisikia Majengo, nimelisikia Gorofani, Shauri Moyo na California, na maneno yake hayabadiliki sana. Huja matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, kijana akiwa ameshatamka nyumbani kwamba anataka muziki, uigizaji, ushonaji wa mitindo au filamu. Mzazi huuliza kwa sauti ya chini. Kijana husimama kando akiangalia viatu vyake.

Mimi silichukulii swali hili kuwa la ujinga. Mama anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri kukanda mahamri, akauza na viazi karai mpaka jioni ili karo ipatikane, ana haki ya kujua fedha hizo zinakwenda kununua nini. Na mara nyingi hajibiwi. Huambiwa "mwache afuate kipaji chake", maneno matamu ambayo hayalipi kodi ya chumba.

Ndani ya swali hilo mna maswali matatu: huko chuoni hufundishwa nini hasa, mtoto ataishi vipi miaka hiyo yote, na akitoka atafanya kazi gani? La pili nitalikalia zaidi, kwa sababu washauri wengi hulipita mbio, nalo ndilo linalowarudisha vijana nyumbani kabla ya kumaliza.

Tuanzie mtaani

Kijana wa Pumwani haendi chuo cha sanaa mikono mitupu. Mtaa huu ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ukiwa makazi rasmi ya Waafrika mjini Nairobi, na waliojenga nyumba zake za kwanza walitoka pande nyingi: pwani, Ukambani, Ukikuyu, hata nje ya mipaka ya Kenya. Wengi walikuwa Waislamu, wakiishi katika nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba vya kupangisha pande mbili. Walikuja na ngoma zao, lelemama ya kina mama na beni ya wanaume, na mavazi yake, na mashindano yake.

Leo ukishuka kutoka Majengo kuelekea Gikomba utamkuta fundi cherehani anayefumua koti la mtumba la mwanamume na kulitoa jaketi la msichana, bila kuchora mstari hata mmoja. Ukivuka hadi Kamukunji utasikia nyundo: vijana wanakunja mabati kuwa masanduku, majiko na makarai, na kila pigo linajua linakwenda wapi. Kariokor kuna viondo na viatu vya ngozi. Barabarani matatu za Eastlands hupita zikiwa zimechorwa sura za wachezaji na wanamuziki kwa rangi ya kupuliza. Madrasa hufundisha watoto kasida na kupiga dufu. Kwaya za makanisa hufundisha sauti nne.

Haya yote ni elimu ya sanaa, na mtoto aliyekulia humu ameipata kwa macho na masikio kabla hajavaa sare ya shule. Basi kwa nini aende chuo kikuu?

Kwa sababu kuna vitu vitatu ambavyo mtaa huu humpa kwa shida. Cha kwanza ni njia ya kuandika anachokijua. Fundi wa Gikomba akifariki, kipimo chake cha jicho huzikwa naye, lakini mchoro wa kukatia kitambaa hubaki na unaweza kutumiwa na mtu wa Kisumu ambaye hakumwona fundi huyo maishani. Cha pili ni watu wa fani nyingine. Mchoraji wa matatu na mpiga kinanda wa kwaya huishi hatua chache mmoja kutoka kwa mwenzake na huenda wasiwahi kufanya kazi pamoja. Cha tatu ni ruhusa ya kukosea. Kwenye kibanda, kitambaa kikikatwa vibaya ni hasara ya siku hiyo hiyo, chakula cha watoto kimepungua. Chuoni, kazi iliyoharibika huwekwa mezani, hujadiliwa, kisha hufanywa upya.

Nadhani hicho cha tatu ndicho kikubwa kuliko vyote.

Chuo cha sanaa nyingi ni chuo gani?

Kwa maneno ya kawaida, ni chuo ambacho sanaa mbalimbali hufundishwa chini ya paa moja au katika eneo moja: muziki, ngoma, uigizaji, uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, mitindo ya mavazi, upigaji picha, filamu. Wenzetu wa Tanzania huzigawa mafungu mawili: sanaa za maonyesho, zile zinazotendwa mbele ya watu kama ngoma na tamthilia, na sanaa za ufundi, zile zinazoacha kitu cha kushika au kutazama, kama sanamu na picha. Katika chuo cha namna hii mwanafunzi ana fani yake kuu, lakini hulazimika au huhimizwa kugusa nyingine.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1937 mwalimu Mwingereza, Margaret Trowell, alianza kufundisha kuchora katika baraza la nyumba yake mjini Kampala. Madarasa hayo yakakua yakawa skuli ya sanaa ya Makerere. Humo alisoma Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika, ambaye mwaka 1959 alichora michoro mikubwa ya maisha ya Yesu katika kanisa la ukumbusho kule Murang'a, akiwaweka watu wa Biblia katika mandhari ya hapa kwetu. Baadaye alikuwa miongoni mwa waliofungua jumba la sanaa la Paa ya Paa mjini Nairobi.

Bagamoyo, kiasi cha kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, kuna taasisi iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 na leo inaitwa TaSUBa. Huko mwanafunzi hufundishwa ngoma, muziki, uigizaji na sanaa za ufundi, kisha huchagua anapotaka kutia nguvu. Mmoja wa waliofundisha hapo ni Hukwe Zawose, mpigaji zeze na malimba kutoka Ugogo ambaye sauti yake ilisikika duniani kote. Nasisitiza jambo hili kwa wazazi: chuo kilimpa mtu huyo nafasi ya ualimu kwa ajili ya ujuzi alioupata nyumbani kwao, kwa wazee wake.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilitoa mfano mwingine. Miaka ya 1980 walimu wake wa sanaa za maonyesho, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda vijijini, wakakaa na wanakijiji, wakauliza ni nini kinachowasumbua, kisha wakatunga nao michezo juu ya matatizo hayo. Wanakijiji walicheza wenyewe na kujadili wenyewe.

Kwetu Kenya, mahali panapokaribia zaidi picha hii ni Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule Kahawa kando ya Barabara ya Thika. Eneo hilo lilikuwa kambi ya jeshi la Waingereza. Baada ya uhuru likageuzwa kuwa chuo, na mwaka 1985 likawa chuo kikuu kamili. Muziki, ngoma, tamthilia, filamu, uchoraji na mitindo ya mavazi vyote hupatikana huko. Francis Imbuga, mwandishi wa tamthilia aliyesomwa na vizazi vya wanafunzi wetu, alikuwa mhadhiri hapo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina masomo ya ubunifu wa michoro, vitambaa na vyombo, na kipo karibu na Pumwani kiasi cha mtu kwenda kwa miguu. Maseno nako kuna muziki na tamthilia. Kwa asiyetaka digrii au aliyekosa alama, hapa hapa Eastlands kuna Taasisi ya Sanaa ya Buruburu.

Mfano mmoja unaonyesha vizuri chuo kinafanya nini na ujuzi wa nyumbani. Wimbo wa taifa wa Kenya uliandaliwa mwaka 1963 na kamati ya watu 5, na sauti yake ilitoka katika wimbo wa kumbembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Mama wa Kipokomo ndiye aliyekuwa na wimbo. Wanakamati walikuwa na ujuzi wa kuuandika kwa alama za muziki, kuupangia sauti na kuufanya upigwe na bendi. Wawili kati yao, George Senoga-Zake na Washington Omondi, baadaye walifundisha muziki Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ujuzi wa aina mbili ulikutana, na kila raia wa nchi hii husimama wima akiusikia.

Kwa ufupi:
- Chuo cha sanaa nyingi hukupa fani kuu na kukukutanisha na nyingine.
- Ujuzi wa mtaani unakubalika huko. Unaandikwa, unapimwa na kuongezwa.
- Digrii si mlango pekee. Diploma na cheti hufundisha ufundi ule ule kwa muda mfupi zaidi.

Wiki ya mwanafunzi

Wazazi wengi hudhani kusomea sanaa ni kuimba kutwa. Ukweli ni kwamba ratiba ya mwanafunzi wa sanaa hubana kuliko ya wengi, kwa sababu ana saa za darasani kama wengine na juu yake ana saa za studio. Studio ni chumba cha kufanyia kazi: chenye cherehani, au meza za kuchorea, au sakafu tupu ya mbao kwa wachezaji ngoma.

Tuseme ni binti wa Majengo anayesoma mitindo ya mavazi. Asubuhi ana somo la historia ya mavazi, ambapo kanga, buibui na kanzu huchunguzwa kwa makini yale yale yanayopewa gauni la Ulaya. Mchana anakata kitambaa. Jioni wenzake wa tamthilia wanamtafuta: wana mchezo wiki tatu zijazo na mfalme wao hana joho. Yeye anawashonea. Mwanafunzi wa sanaa za ufundi anachora mandhari ya jukwaa, wa muziki anatunga sauti ya kuingilia, wa filamu anarekodi. Mchezo ukionyeshwa, kila mmoja ana kazi yake ya kutiwa alama, na kila mmoja amejifunza kwamba mshoni akichelewa siku moja, mwigizaji, mpiga picha na mwanamuziki wote wamechelewa.

Kuna kikao ambacho humtoa jasho kila mgeni. Mwanafunzi huweka kazi yake mbele ya darasa, mwalimu na wenzake wakaizungumzia: kipi kimekaa vizuri, kipi hakijakaa, kwa nini umechagua rangi hii. Wenye adabu ya nyumbani kwetu hupata taabu hapa. Tumelelewa tusimkosoe mtu mbele za watu, na tukikosolewa hivyo tunahisi tumevunjiwa heshima. Inachukua muhula mzima kuelewa kwamba kinachojadiliwa ni joho, na mshoni ameachwa na heshima yake yote. Ninawaomba wazazi wawaeleze watoto wao mapema. Nimeona vijana wenye mikono mizuri wakiacha kuhudhuria kwa sababu hakuna aliyewaambia kikao hicho ni cha nini.

Kitu kingine cha kujua ni jalada la kazi. Ni mkusanyo wa kazi bora za mwanafunzi: michoro, picha za nguo alizoshona, rekodi za nyimbo, vipande vya filamu. Mwajiri wa sanaa hulitazama jalada kabla ya cheti. Mwanafunzi aanze kulijenga mwaka wa kwanza, na aweke humo hata kazi alizofanya mtaani, lango la duka alilolichora, mavazi ya harusi aliyoyashona.

Binti wa Nairobi aliyegeuza njia

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Alisomea michoro ya kibiashara Kabete na kufanya kazi ya matangazo hapa mjini. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza, mjini Cambridge, akaingia katika kozi ya msingi, yaani mwaka wa kuonja sanaa mbalimbali kabla ya kuchagua moja. Hapo akakutana na udongo. Akaiacha michoro ya kibiashara akawa mfinyanzi.

Alijiunga na chuo cha sanaa cha Farnham. Katikati ya masomo yake, mwaka 1974 na 1975, alikwenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja ya zamani, mji ambao sasa unaitwa Suleja, kujifunza kwa kina mama waliofinyanga kwa mkono bila gurudumu. Miongoni mwao alikuwa Ladi Kwali, mfinyanzi ambaye sura yake imewekwa kwenye noti ya naira 20. Njia ile ya kukunja udongo mduara juu ya mduara inafanana na ile ya wafinyanzi wetu wa Ukambani na Nyanza. Alimaliza Farnham mwaka 1976, akasoma shahada ya juu katika Royal College of Art, London, na leo vyungu vyake vyekundu na vyeusi vimo katika makumbusho makubwa ya dunia. Chuo kile cha Farnham kikaja kuwa sehemu ya University for the Creative Arts, chuo kikuu cha sanaa tupu. Mwaka 2018 Magdalene Odundo akafanywa mkuu wake.

Sisimulii habari hii ili kila mzazi atarajie mtoto wake atakuwa mkuu wa chuo Uingereza. Naisimulia kwa sababu ya mwaka ule wa kuonja. Kijana wa miaka 18 hajui bado mikono yake inataka nini; anajua alichokiona tu. Mtoto aliyekulia karibu na Kamukunji anaweza kudhani yeye ni mchoraji, na kumbe mchongaji wa vyuma amelala ndani yake. Chuo chenye fani moja hakiwezi kumwonyesha hilo. Ndiyo maana, mtoto asiyejua achague sanaa ipi, mimi humshauri achague mahali penye nyingi.

Kuishi chuoni, kurudi Pumwani

Sasa tuzungumze fedha na malazi.

Kuingia digrii kunahitaji wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne, diploma, C-. Baadhi ya vyuo hudai mwanafunzi wa muziki awe ameusoma sekondari au amefanya mitihani ya muziki ya daraja, ile inayopima upigaji wa ala na usomaji wa alama. Hapa watoto wengi wa shule zetu hukwama, kwa maana shule zao hazikuwa na mwalimu wa muziki wala kinanda. Anayejua mapema aanze mapema. Nafasi za chuo hugawanywa kupitia KUCCPS, na mikopo hutolewa na HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995. Tangu mwaka 2023 msaada wa serikali unapimwa kwa hali ya familia, kwa hiyo fomu ijazwe kwa ukweli na ukamilifu. Mjane anayelea watoto peke yake asione haya kuandika hivyo.

Karo ikishalipwa, kuna gharama ambayo haimo katika barua ya kuitwa chuoni: vifaa. Rangi, brashi, vitambaa, nyuzi za gitaa, diski za kuhifadhia filamu. Mwanafunzi wa historia anaweza kuazima kitabu maktabani akakirudisha. Mchoraji akishatumia rangi imekwisha. Wengine hulazimika kuchagua kati ya chakula cha jioni na kitambaa cha kazi ya mwisho, na hilo linaniuma kila ninapolisikia. Hapa ndipo mtoto wa Pumwani ana nafuu ambayo mwenzake wa mbali hana. Gikomba iko mlangoni kwao. Vitambaa vya Eastleigh viko karibu. Anajua kuamka bunda la mitumba likifunguliwa, anajua bei ya kweli na bei ya mgeni, na anaweza kuwanunulia wenzake akapata nauli yake humo humo.

Malazi yana njia mbili. Ya kwanza ni kupanga au kupata bweni. Vitanda vya mabweni havitoshi, na wanafunzi wengi wa Kenyatta hupanga Kahawa Wendani, Kiwanja au Githurai, wawili watatu chumba kimoja. Njia ya pili ni kulala nyumbani na kupanda matatu kila siku. Kwa hesabu ya pesa ya pili inaonekana rahisi, lakini mzazi aihesabu na mazoezi. Mazoezi ya tamthilia na ngoma huanza jioni, madarasa yakiisha, na huweza kufika saa tatu au saa nne usiku. Binti atarudi vipi Majengo saa hizo? Nimewahi kuona familia ikimkataza binti mazoezi kwa ajili ya usalama, na haikuwa na kosa. Lakini aliyekosa mazoezi alikosa na alama. Afadhali jambo hili lizungumzwe kabla: walau katika miezi ya maonyesho apate pa kulala karibu na chuo.

Nyumbani kuna tatizo la nafasi. Chumba kimoja chenye watu sita hakina pa kuweka turubai ya kuchorea, na mtu hawezi kupiga tarumbeta ukutani mwa jirani anayelea mgonjwa. Kumbi za kijamii za Eastlands zilijengwa kwa ajili ya haja za namna hii. Zilikuwa mahali pa dansi, ndondi, mikutano ya vyama. Ni katika ukumbi wa Kaloleni, mwezi Aprili 1950, ambapo Makhan Singh alidai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki. Kijana aende kwa msimamizi wa ukumbi wa mtaa wake akiwa na barua ya chuo, akiwa na heshima na ratiba, aombe saa mbili za mchana ambapo ukumbi umekaa bure. Ngara, kwenye jumba lililokuwa sinema ya Shan, kituo cha Sarakasi huwafundisha vijana michezo ya viungo na dansi. Kituo cha GoDown, kilichoanza mwaka 2003 katika ghala la Industrial Area, kimelea wasanii wengi wa mji huu.

Na dini je?

Sitalipita swali hili, kwa maana katika mtaa wenye Msikiti wa Riyadha na familia za Kiislamu za vizazi vinne vitano, ndilo linalouma zaidi kuliko karo. Wapo wazazi wanaoona muziki na uchoraji wa viumbe ni haramu. Wapo masheikh wenye kutofautiana juu ya mipaka yake. Mimi si mwanachuoni wa dini, na ushauri wangu ni kijana asimfiche mzazi wala asimbishie. Akae naye kitako, amwendee ustadhi wanayemheshimu wote wawili, aulize waziwazi.

Mara nyingi huonekana kwamba njia ni nyingi kuliko walivyodhani. Sanaa ya hati za Kiarabu, nakshi za milango za Lamu na Zanzibar, ubunifu wa vitambaa, mavazi ya heshima ya mabinti, upangaji wa vyumba, upigaji picha wa kazi: hizi zote hufundishwa au huweza kuendelezwa katika chuo cha sanaa nyingi, na historia ya Uislamu imejaa mabingwa wake. Binti mwenye hijabu anayeshona mavazi ya jukwaa halazimiki kupanda jukwaani.

Sasa, atakula nini?

Atakula kwa vipande. Hili ni jibu la kweli na mzazi alijue kabla ya kukubali. Wachache hupata mshahara wa mwezi: ualimu, magazeti na runinga, makampuni ya matangazo, viwanda vya nguo. Wengi hulipwa kazi kwa kazi, mwezi huu mnono, miezi miwili mikavu. Mama wa kibanda analielewa hilo vizuri kuliko mtumishi wa serikali, kwa sababu naye biashara yake ina Ramadhani na ina Januari.

Kwa hiyo ujuzi wa pili ndio chakula cha miezi mikavu, na hapa chuo cha sanaa nyingi kinalipa gharama yake. Mwigizaji aliyejifunza kuhariri filamu hupata kazi jukwaa likiwa tupu. Mchoraji anayejua kuchora kwa kompyuta hutengeneza nembo za maduka ya Eastleigh. Mwanamuziki mwenye elimu ya ualimu hufundisha kwaya ya shule kwa ajili ya Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwepo tangu mwaka 1927 na kila mwaka huhitaji watu wa kuwanoa watoto.

Mahitaji ya walimu hao yanaongezeka. Mtaala wa umilisi umeweka mikondo mitatu katika sekondari ya juu, mmoja wao ukiwa Sanaa na Sayansi ya Michezo, na wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Januari 2026. Mkondo bila walimu ni jina tu. Anayesomea sanaa leo pamoja na ualimu anakwenda mahali ambapo shule zitamtafuta.

Kisha kuna hakimiliki, haki ya kisheria ya mtu juu ya kazi aliyoibuni. Kwa sheria ya Kenya haki hiyo huanza pale kazi inapoandikwa, kuchorwa au kurekodiwa, na kwa kazi za fasihi, muziki na sanaa huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwenyewe, ikarithiwa na watoto wake. Wasanii wengi wa zamani wa Nairobi waliuza nyimbo zao kwa malipo ya siku moja na kufa maskini huku redio zikizipiga. Kijana asiweke sahihi kwenye karatasi asiyoielewa, hata kama aliyeileta ni rafiki.

Kabla ya kujaza fomu

Mzazi na mtoto waende chuoni pamoja siku ya kawaida, wanafunzi wakiwa kazini, wasingoje siku ya sherehe. Waulize:

- Studio hufungwa saa ngapi, na mwanafunzi asiye na nafasi nyumbani anaweza kufanya kazi humo wikendi?
- Vifaa gani hutolewa na chuo, na vipi mwanafunzi hujinunulia?
- Fani kuu huchaguliwa mwaka gani, na je, anayetaka kubadilisha huruhusiwa?
- Ni kazi gani hufanywa kwa pamoja na wanafunzi wa fani tofauti?
- Walimu wenyewe wanafanya sanaa mpaka leo?
- Nani huwaangalia mabinti wanaomaliza mazoezi usiku?

Wakishauliza ofisini, wamtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu nje ya studio na kumuuliza maswali yale yale. Majibu yakitofautiana, waamini ya mwanafunzi.